Managu ya Nani?

Mtu akiyaacha managu yake yazae badala ya kuyachuma hadi mwisho, baada ya wiki chache ataona jambo ambalo majani hayakumwonyesha. Katika shamba moja la Bahati, nje ya Nakuru, matunda yataiva yakawa makubwa, meusi yenye zambarau. Kwa jirani, ng'ambo ya ua, yatakuwa madogo ya rangi ya chungwa. Kwa wa tatu, ambaye hakupanda chochote bali aliyaacha tu yaliyojiotea kando ya zizi, yatakuwa meusi yanayong'aa, madogo zaidi. Wote watatu watasema wana managu, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amekosea.

Nakuru isingeweza kulikwepa jambo hili. Mji huu, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ulikua kando ya reli katikati ya mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru mashamba hayo yakagawanywa na kununuliwa na familia zilizotoka karibu kila pembe ya nchi. Kila familia ilikuja na mboga zake, na kila mboga ilikuja na jina lake. Mkikuyu alisema managu, Mkisii rinagu, Mluhya lisutsa, Mjaluo osuga, Mkipsigis isoiyot, na aliyetoka pwani alisema mnavu. Walipokutana sokoni ilibidi waelewane upesi, maana mboga ya majani haingoji kesho. Jina moja likashinda mengine, na likajikuta limebeba mimea ambayo kila upande ulikuwa umeizoea kwa namna yake.

Ule wenye matunda makubwa ya zambarau ni Solanum scabrum. Majani yake ni mapana, uchungu wake ni mdogo, na ndio unaojaza vibanda vya mama mboga kwa sababu mche mmoja hutoa majani mengi. Wenye matunda ya rangi ya chungwa ni Solanum villosum, mdogo wa umbo na mchungu zaidi. Wenye matunda meusi madogo yanayong'aa mara nyingi ni Solanum americanum, ambao huota wenyewe popote udongo ulipochimbuliwa. Tofauti hii inafika hadi ndani ya seli: americanum ina kromosomu 24, villosum 48, scabrum 72. Ndiyo maana mimea hii inaweza kuota kitalu kimoja mwaka baada ya mwaka bila kuchanganyika kirahisi ikawa kitu kimoja.

Jikoni tofauti hizo zina heshima yake. Nyumba nyingi za Wakalenjin na za Wajaluo huchemsha mboga hizi zikatiwa maziwa, uchungu ukatulia kwa muda, wakati mwingine hadi siku ya pili. Mwenye kupenda uchungu huona jani pana halina ladha. Aliyezoea jani pana huona jani dogo ni dawa, si kitoweo. Kwa hiyo mteja mzoefu haombi managu tu. Anauliza kama ni yale machungu. Muuzaji naye, kama ameyalima mwenyewe au anamjua aliyeyalima, ana jibu.

Majina ya mimea yametegemea mazungumzo ya namna hiyo tangu zamani. Jina la kienyeji linafanya kazi vizuri kabisa likiwa pamoja na watu waliolitunga, wanaojua mmea huo huota wapi, hupikwaje na unadhuru lini. Linaanza kupotosha pale linaposafiri peke yake, kwenye gunia lililopita mikononi mwa madalali watatu, kwenye kibao cha kitalu cha miche, au kwenye ujumbe wa simu unaosema tu kwamba mmea fulani unatibu. Sura hii inafuata baadhi ya majina hayo yaliyosafiri peke yake, kuanzia mitaa ya Nakuru hadi mabonde ya Baringo na nyanda za Laikipia.

Kwa managu, hatari iko kwenye matunda mabichi. Matunda ya kijani ya mimea hii yana alkaloidi chungu za jamii ya solanini, zinazoweza kuumiza tumbo na kuzidi hapo zikiliwa nyingi. Kiasi chake hutofautiana kati ya spishi na spishi, na hupungua tunda linapoiva. Watoto wa mashambani wamekula yaliyoiva kwa vizazi, hasa yale ya rangi ya chungwa, na hujifunza kutoka kwa wakubwa wao lipi ni la kula na lipi ni la kuacha. Mtoto wa mtaa wa mjini aliyesikia tu kwamba matunda ya managu huliwa hana fundisho hilo.

Ulaya kuna ndugu wa mbali wa mnavu, Atropa belladonna, ambaye matunda yake machache yanaweza kumuua mtoto. Waingereza wameipa mimea hii miwili majina yanayokaribiana mno, na hofu ya mmoja imemwangukia mwingine. Mtu aliyejifunza bustani kwa vitabu vya huko hujikuta anang'oa, kwa woga, mboga ambayo jirani yake anaipalilia. Kwenye vibandiko vya dawa za kuulia magugu mnavu umeorodheshwa kama gugu, na katika mashamba ya ngano ya Njoro ni gugu kweli.

Mwaka 1909 ugomvi wa jina hili uliwaka Marekani. Mfugaji wa mimea mashuhuri wa California, Luther Burbank, alitangaza tunda jipya la bustani, akidai amelipata kwa kuzalisha pamoja mimea miwili: mmoja ndio ule unaoitwa leo Solanum scabrum, na mwingine Solanum villosum. Mfanyabiashara John Lewis Childs alinunua haki ya kuliuza na kulitangaza kwa sifa kubwa. Punde wakosoaji wakaandika kwamba huo si mmea mpya, ni mnavu wa kawaida, tena ni sumu. Mabishano yakajaza magazeti ya bustani. Wataalamu wa baadaye waliuona mmea huo umefanana zaidi na mnavu wa kusini mwa Afrika kuliko na chotara wowote. Wazazi ambao Burbank aliwataja walikuwa wakiliwa na ugali katika bara hili muda mrefu kabla ya tangazo lake, na wapishi wake walikuwa na majina ya kuwatofautisha. Inasikitisha kwamba katika mabishano yote hayo hakuna aliyefikiria kuwauliza.

Sayansi ilichelewa kuwafikia wapishi hao. Mnamo 1997 Jennifer Edmonds na James Chweya, aliyekuwa mtaalamu wa mazao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha kitabu kizima juu ya mnavu na ndugu zake, wakieleza jinsi ya kuwatambua na jinsi wanavyoliwa. Mradi mkubwa wa kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, ulioanza kutoa vitabu mwaka 1952, ulifika kwenye familia ya mnavu mwaka 2012, yaani mwaka uleule uliokamilika. Miaka 60 ilipita, maelfu ya spishi yakaelezwa, na mboga iliyoko kwenye sufuria ya jioni ikawa miongoni mwa za mwisho. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2018 ulihesabu spishi 19 za kundi hili katika Afrika, Asia, Ulaya na Australia.

Katika miaka hiyohiyo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alikuwa akifanya kazi nyingine ambayo bila shaka imebadilisha vibanda vya mboga zaidi ya kitabu chochote. Alikusanya mbegu za mboga za kiafrika, akapima lishe yake na kuonyesha jinsi ya kuzilima kwa mauzo, wakati ambapo wengi waliziita mboga za maskini. Mkulima anayenunua pakiti ya mbegu ya jani pana leo anavuna matunda ya kazi ya namna hiyo. Jambo moja tu limebaki nyuma: jani pana limesambaa kiasi kwamba kijana anayekulia Nakuru anaweza kudhani ndilo managu peke yake, na lile la matunda ya chungwa akaliita gugu.

*

Hatua chache kutoka kwenye fungu la managu kuna fungu la spinachi, na hapo jina limehama kabisa. Mboga inayoitwa spinachi katika masoko ya Nakuru, Naivasha na Gilgil, yenye jani kubwa la kijani kibichi na mshipa mnene mweupe, kwa kweli ni ndugu wa toka nitoke wa kiazi sukari chekundu. Spishi ni ileile, Beta vulgaris, ila mmoja alichaguliwa kwa ajili ya mzizi na mwingine kwa ajili ya jani. Aina inayopandwa sana inaitwa Fordhook Giant, jina lililotokana na shamba la kampuni ya mbegu ya Burpee huko Pennsylvania.

Spinachi ya vitabu vya Ulaya ni mmea mwingine, Spinacia oleracea, mdogo, laini, unaopenda baridi. Ukiona joto au siku ndefu hutoa maua haraka na mavuno yakaisha. Wa Nakuru huchumwa jani moja moja kuanzia chini, na bustani iliyopandwa mwanzoni mwa mvua inaweza kulisha nyumba kwa miezi. Kwa mama mwenye robo ekari chaguo lilikuwa wazi, na jina likahamia kwenye mmea uliofanya kazi. Hakuna aliyedhurika. Lakini mtu akifuata maelekezo ya mapishi yanayotaka majani yaliwe mabichi kwenye kachumbari, huona mshipa mweupe ukimgomea mdomoni, na anayenunua mbegu kutoka nje kwa jina hilo hushangaa mazao yake kuisha kabla ya msimu.

Watu wa magharibi mwa Kenya wana nderema, mmea unaotambaa wenye majani mazito yanayoteleza, Basella alba, nao katika vitabu vya bustani umepewa jina la spinachi ya Malabari. Hauna udugu wa karibu na hao wawili. Terere, ambalo hakuna anayeliita spinachi, ndilo lililo familia moja nao.

Kwenye mazao ya jamii ya kunde mpaka wa nchi huleta mchanganyiko wake. Anayesema ndengu mjini Nakuru anamaanisha punje ndogo za kijani ambazo Mtanzania huziita choroko. Mtanzania akisema dengu anaweza kumaanisha mmea mwingine kabisa, wenye punje kubwa za rangi ya maziwa au kahawia, ambao Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kimeufanyia utafiti kwa ajili ya maeneo makavu ya Bonde la Ufa. Zote mbili hupikwa na nazi vizuri, hivyo makosa ya hapa huishia mezani.

Nduma nazo zimepata jina la kigeni lisilo lao. Kwenye orodha za vyakula za hoteli nyingi za Kenya zimeandikwa aroruti. Aroruti halisi ni Maranta arundinacea, mmea wa Amerika ya kitropiki unaotoa unga laini wa wanga. Nduma ni Colocasia esculenta, ina asili ya Asia, na inahitaji kuiva vizuri, la sivyo huwasha koo kwa fuwele zake ndogo kama sindano.

Fuwele hizohizo zimo kwenye ua ambalo watu wengi wangesema halina uhusiano wowote na nduma. Ni lile jeupe lililojikunja, linalouzwa kwa arusi na mazishi na linaloota kwenye mitaro yenye maji ya nyanda za juu. Huitwa lili. Asili yake ni Afrika Kusini, ni la familia moja na nduma, na kile cheupe si petali bali ni jani lililobadilika kulinda maua madogo yaliyosongamana kwenye kijiti cha manjano. Jina la lili limegawiwa bila kipimo. Kuna ile ya buluu ya vichala inayopandwa kando ya njia za hoteli, ikahusishwa na Mto Naili ingawa kwao ni Afrika Kusini. Kuna Gloriosa, ua la asili ya Kenya lenye petali nyekundu na manjano zilizogeuka juu kama moto, linalolimwa pia kwa ajili ya kuuzwa nje. Kiazi chake kina kolchisini, sumu inayoua. Aliye na watoto nyumbani anastahili kuambiwa hilo na aliyemuuzia mche.

Na kuna lili ya maji. Ziwa Naivasha liliwahi kujaa zile za buluu. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana waliingizwa ziwani mwaka 1970, wakaongezeka, wakala mimea ya majini, na maua yale yakatoweka sehemu kubwa. Baadaye gugu maji likafunika nafasi. Nalo lina ua zuri la zambarau, na wageni wengi hulipiga picha wakidhani wameona lili za Naivasha.

Mashamba ya maua yaliyozunguka ziwa hilohilo hayana nafasi ya kubahatisha. Shehena ya mimea inayovuka mpaka huambatana na cheti cha afya ya mimea, na cheti hicho hutaka jina la kisayansi la mmea. Nchini Kenya hutolewa na KEPHIS, taasisi iliyoundwa mwaka 1996, ambayo maabara yake ya kupima mbegu iko Lanet, upande wa mashariki wa jiji la Nakuru. Afisa wa forodha wa Uholanzi hawezi kuuliza kama ni lile la arusi au lile la ziwani.

Miche inayouzwa kando ya barabara kuu haina cheti. Ukimwambia mwenye kitalu unataka kroton, atakuuliza ya ua au ya mti, na ni vyema akiuliza. Ya ua ni kichaka cha majani yenye madoa ya manjano, mekundu na kijani, asili yake visiwa vya Asia ya kusini-mashariki na Pasifiki. Ya mti ni mukinduri, Croton megalocarpus, mti wa kwetu unaofika mita 30, wenye kivuli kizuri na mbegu zenye mafuta. Mizizi ya mkanganyiko huu iko juu sana: Carl Linnaeus mwenyewe, Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina mawili ya kisayansi, alikiweka kichaka cha madoa katika jenasi ya Croton mwaka 1753. Wanasayansi wakakihamisha baadaye. Wenye bustani hawakuarifiwa, wakaendelea na jina la kwanza. Anayechimba shimo la kroton mita mbili kutoka ukutani inampasa ajue ni ipi.

*

Mwarobaini ni jina linalobeba imani kubwa zaidi kuliko yote yaliyotajwa hapa. Mti unaostahili jina hilo ni Azadirachta indica, kutoka Bara Hindi, unaostawi kwenye joto la pwani na nyanda za chini. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko juu zaidi. Baridi ya huko haiupendezi. Kinachostawi huko ni mti mwingine wa familia ileile, Melia azedarach, uliopandwa mijini kwa kivuli na kwa maua yake yenye harufu nzuri. Majani yanafanana kwa mtu anayepita. Hivyo mti huu wa bara umeitwa mwarobaini, na majani yake yakachemshwa kwa matumaini yaleyale.

Kuutofautisha hakuhitaji maabara. Jani la mwarobaini wa kweli lina kikonyo kimoja chenye majani madogo pande mbili, basi. La Melia hugawanyika mara mbili au tatu, vikonyo vidogo vikichipuka kutoka kile kikubwa. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya Melia ni ya zambarau hafifu. Tunda la mwarobaini ni la yai, huiva na kudondoka. La Melia ni la mviringo, la manjano, na hubaki likining'inia juu ya matawi makavu hata majani yameisha. Tunda hilo la manjano lina sumu kwa watu na kwa nguruwe. Mti ni mzuri kwa kivuli na hakuna sababu ya kuukata, lakini mti huo shuleni, na watoto wanaookota kila kidondokacho, ni jambo la mwalimu kulisema wazi. Kuna na wa tatu, mukau, Melia volkensii, mti wa asili wa sehemu kavu za Afrika Mashariki ambao taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeuhimiza kwa mbao zake. Mwenye kununua miche ya mbao akapewa Melia ya kivuli atangoja miaka mingi kabla ya kujua.

Shubiri ina historia ndefu zaidi, na hapa jina limefika hadi kwenye sheria. Mmea ulioko kwenye chupa za losheni na vinywaji, Aloe vera, unatoka Rasi ya Arabia na una maua ya manjano. Bonde la Ufa lina shubiri zake nyingi. Kuanzia Kedong, kati ya Longonot na Suswa, hadi Njoro, ua wa mashamba mengi ni wa Aloe kedongensis, mrefu wa shina, maua mekundu yenye uchungwa, uliopewa jina la bonde lile. Kushuka kuelekea Baringo na Laikipia kuna Aloe secundiflora, isiyo na shina la kuonekana, maua yake yamegeukia upande mmoja wa tawi. Wamaasai huita shubiri osukuroi, Wakalenjin tangaratwet. Siku hizi, kwenye mabango na katika mazungumzo, yote hiyo inaitwa alovera.

Ndani ya jani mna vitu viwili. Katikati kuna ute usio na rangi, na huo ndio uliompa Aloe vera soko la dunia. Chini ya ngozi kuna utomvu wa manjano, mchungu, unaoendesha tumbo kwa nguvu. Shubiri za Baringo zilitafutwa kwa ajili ya utomvu huo. Majani yalikatwa na kuinamishwa, utomvu ukachuruzika, ukachemshwa kwenye pipa hadi ukaganda ukawa mgumu wa rangi ya kahawia iliyoiva, kisha ukauzwa nje kutengeneza dawa za tumbo. Uvunaji ukawa mkali kiasi kwamba mwaka 1986 agizo la rais lilipiga marufuku uvunaji wa kibiashara wa shubiri za porini. Biashara haikukoma, ilijificha. Kanuni za mwaka 2007 zilijaribu kuirudisha mwangani kwa kuruhusu uzalishaji wa shambani chini ya leseni.

Katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, shubiri zote zimewekewa masharti isipokuwa Aloe vera. Mzigo wenye jina hilo hupita, mzigo wa secundiflora unahitaji kibali. Neno moja kwenye karatasi linaamua kama mtu ni mfanyabiashara au mhalifu, na mchungaji wa Baringo aliyechuruzisha utomvu kwa malipo madogo ndiye wa kwanza kubeba lawama. Hilo si haki. Aliyepata faida ya kuchanganya majina mara chache alikuwa yeye.

Nyumbani madhara huja kwa njia ya kawaida zaidi. Mtu anasikia kwamba kinywaji cha alovera husafisha damu, anakata jani kwenye ua wake wa kedongensis, analisaga lote na ngozi yake, anakunywa. Kinachomfika si sumu ya kuua, ila tumbo litamsumbua sana, na kwa mama mjamzito ni jambo la kuogopwa. Kwa upande mwingine, wafugaji wa kuku wa Bonde la Ufa wametia majani ya shubiri ya kwao kwenye maji ya kuku dhidi ya kideri kwa muda mrefu, na watafiti wa Kenya waliujaribu utomvu wa secundiflora katika maabara na kuona una athari fulani kwa ugonjwa huo. Matokeo hayo ni ya secundiflora. Aliyepanda Aloe vera kutoka dukani kwa ajili ya kuku wake amepanda kitu kingine.

Upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru kuna msitu wa miti mirefu yenye matawi ya kijani yaliyoinuka juu, bila majani ya kuonekana. Watalii huiita kaktasi, na wenyeji wengi wamewafuata. Ni Euphorbia candelabrum. Ukivunja tawi hutoka utomvu mweupe unaochoma ngozi na unaoweza kupofusha jicho. Kaktasi za kweli zina asili ya mabara ya Amerika, isipokuwa moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe pia Afrika, ikining'inia kwenye miti ya msituni, nyembamba, bila miiba ya kutisha, na karibu hakuna anayeitambua kuwa kaktasi.

Katika bustani za Nakuru jina hilo limeenea zaidi. Kuna kichaka cha miiba chenye maua madogo mekundu, Euphorbia milii kutoka Madagaska. Kuna kariaria ya ua, Euphorbia tirucalli, ambayo mafundi wa kupogoa huijua kwa macho yao yaliyowasha. Kuna Opuntia ya mashina bapa. Huyu wa mwisho ndiye kaktasi halisi, na ndiye aliyeleta msiba mkubwa kuliko wote. Aliletwa Laikipia kama mmea wa ua na urembo, akatoroka, akafunika malisho. Ng'ombe, mbuzi na ndovu hula matunda yake, miiba midogo ikawadunga mdomoni na tumboni, na mbegu zikasambaa na kinyesi.

Tiba iliyochaguliwa ilikuwa mdudu mdogo anayenyonya utomvu wake, kochinili, Dactylopius opuntiae. Mdudu huyu haigusi Euphorbia hata ikipandwa bega kwa bega na Opuntia. Zaidi ya hapo, yupo wa aina zaidi ya moja: anayeangamiza Opuntia stricta si yuleyule anayeangamiza Opuntia ficus-indica, ile yenye matunda makubwa inayopandwa kwa chakula na malisho. Laikipia ina stricta na ina engelmannii, na wachungaji huziona zote kwenye malisho yaleyale. Aina ya kochinili iliyoletwa kwa ajili ya stricta ilifanya kazi kwenye stricta, vichaka vikanyauka na kuanguka, nyasi zikaanza kurudi. Kwa engelmannii ilibidi wataalamu waanze upya kumtafuta mdudu wake, na jamii zinazomwagilia na kulea kochinili katika vibanda vya neti zikafundishwa kutazama kwanza umbo la shina na mpangilio wa miiba kabla ya kubeba kipande chenye wadudu kwenda nacho malishoni.